Tundu la Nne kwenye Dashibodi

Nyakato, Musoma
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Nyasatu,

Jana uliinama kwenye dashibodi ya pikipiki yako, ukahesabu matundu kwa kidole, ukaniuliza, "Baba, mimi niliomba swichi tatu. Hili tundu la nne la nini?" Nikajifanya natafuta koleo, na koleo nilikuwa nayo mkononi. Ukacheka ukasema baba anazeeka. Sikuwa nazeeka, mama. Nilikuwa naogopa kukujibu. Nakujibu leo kwa barua, maana kwa mdomo nimeshindwa miaka kumi na moja, na kesho asubuhi unaondoka kwenda kuanza kazi ya mifugo Bunda. Jibu la swali lako linahusu siku aliyokufa mama yako.

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na nakujua ukiendaga kuaga: unaaga, unakaa, unaaga tena. Kwa hiyo muda ninao, ila siuamini. Kila bodaboda ikipita hapo nje nadhani imekuleta wewe, naigeuza karatasi. Nimeshasimama mara tatu kwenda kukaza nati ambazo nilizikaza juzi. Shangazi yako amenipitia hapa akaniuliza kama nina homa.

Ya kufua, kupika na kujikinga na baridi sikuandikii. Shangazi amekuimbia hayo wiki nzima mpaka na mimi nimeyakariri. Nianze na zile swichi tatu ulizoniomba, halafu nitafika kwenye ya nne. Tafadhali usiruke mistari kama unavyofanyaga na barua za ofisini.

Ya kwanza kushoto ni ya spotilaiti, kwa sababu ng'ombe wa watu hawaugui mchana peke yake. Ya pili ni chaji ya simu. Ya tatu ni ile taa ndogo ya sanduku la nyuma, uone chupa zako za chanjo bila kushika tochi kwa meno. Kila moja ina fyuzi yake, na waya wake unatoka kwenye betri wenyewe, hauibi moto kwa jirani. Nakuambia hayo kwa kujivuna kidogo, maana zamani sikuwa hivyo. Nilipoanza ufundi nilikuwaga nachukua moto popote ninapoukuta.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Butiama aliniletea pikipiki nimwekee redio. Nikaona kuvuta waya mpaka kwenye betri ni kazi ndefu, nikaungia kwenye waya wa taa ya nyuma, ambao ni mwembamba. Jumapili akaenda nayo harusini, muziki umefunguliwa mpaka mwisho, ameketi kama mheshimiwa. Moshi ukaanza kutoka chini ya makalio yake. Jumatatu alikuja kwangu akiisukuma, suruali imetoboka nyuma. Akaniambia, "Fundi, redio yako inaimba vizuri, lakini na mimi nimeimba."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia kosa ni lake, alifungua sauti kubwa mno. Maskini akaniamini. Akaniomba na radhi. Nikabadilisha nyaya zile nikijua kabisa kwamba mpumbavu pale nilikuwa mimi, na nikamwacha aondoke akijilaumu. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi na watu wanachekaga. Hicho kipande cha mwisho huwa nakiacha.

Sasa twende Bugwema.

Wakati ule, unakumbuka, tulikuwa tunakaa kule shambani: mimi, mama yako, wewe, na mdogo wangu Mafuru, ambaye leo hutaki hata kulitaja jina lake, unamwita "yule". Mimi nilikuwa nazunguka na boksi la vifaa, leo Mugango, kesho Butiama. Mafuru alikuwa analima na mama yako. Alikuwa kijana mchangamfu, mcheshi, na aliipenda pikipiki yangu kuliko nilivyoipenda mimi. Nikigeuka tu, kaichukua. Anakwenda Mugango mwaloni kwa wavuvi, anarudi na sato wawili na furu, vile visamaki vidogo, wa kutosha mboga ya siku mbili, na tenki limekauka. Siti inanuka samaki wiki nzima. Mteja akipanda, ananusa, ananiangalia.

Ningemwambia, "Mafuru, sitaki uchukue pikipiki yangu," angenuna siku mbili yakaisha. Sikumwambia. Mimi ndiye mkubwa, na pale Bugwema nilikuwa na sifa: Magesa hana choyo, ufunguo wake unakaa kwenye msumari, mwenye shida anauchukua. Nilikuwa naipenda ile sifa, Nyasatu. Niliipenda vibaya.

Basi nikafanya ufundi. Ipo swichi ndogo ambayo mafundi tunawekaga kwa ajili ya wizi. Inaungwa kwenye waya unaopeleka moto kwenye plagi, inafichwa mahali, na ikizimwa hata uwe na ufunguo pikipiki haiwaki. Niliificha chini ya siti, upande wa kushoto, nikaizungushia tepu nyeusi ionekane ni nyaya za kawaida. Sikuiweka kwa ajili ya mwizi. Niliiweka kwa ajili ya ndugu yangu. Na ufunguo nikauacha kwenye msumari uleule, makusudi, sifa yangu isipungue.

Ikawa Mafuru akitaka kwenda Mugango anapiga kiki mpaka jasho linamchuruzika, haiwaki. Mimi niko ndani nakunywa uji, nacheka peke yangu. Natoka, nasema, "Hebu nione," napitisha mkono wa kushoto chini ya siti kama mtu anayejishikiza, nakanyaga mara moja, inawaka. Mafuru anasema, "Kaka, hii pikipiki ina mapepo." Mama yako naye akaniuliza siku moja, "Baba Nyasatu, mbona chombo hiki kinakutambua wewe tu?" Nikamwambia kimenizoea. Hata yeye sikumwambia. Mwanamke niliyekuwa namwambia mpaka ndoto zangu, hilo nikamficha, kwa sababu nilijua angeniambia niende nikamtake radhi Mafuru.

Nimesimama kidogo. Nilidhani nimesikia mlango wa geti, kumbe ni mbuzi wa jirani.

Siku ile nilikuwa Butiama kwa kazi, nilichukuliwa na mteja kwenye pikipiki yake. Yangu niliiacha nyumbani. Wewe ulikuwa shule, darasa la nne. Mama yako na Mafuru walikuwa wanachimba muhogo, nyoka akamuuma mama yako juu ya kisigino. Mafuru alimbeba mgongoni kutoka shambani mpaka nyumbani. Akachukua ufunguo msumarini. Akapiga kiki. Akapiga, akapiga. Akafungua plagi akaifuta kwa shati lake, akairudisha. Akaisukuma kwenye ule mteremko wa kwenda kisimani, peke yake, akairudisha juu peke yake, akaisukuma tena. Mama yako alikuwa amekaa ameegemea ukuta anamwambia, "Shemeji, taratibu, utajiumiza." Haya nimeambiwa na jirani aliyemwona kwa mbali, akaja mwishoni kusaidia kusukuma.

Alinipigia simu. Nilikuwa nimeizima, kwa sababu mteja mmoja alikuwa ananisumbua kuhusu honi ambayo sikuwa nimeimaliza. Nilipoiwasha jioni nilikuta amepiga mara tisa.

Alikimbia kwa miguu mpaka barabarani kutafuta gari. Gari lilipatikana, ila kwa kuchelewa, na mama yako hakufika Musoma. Sijui kama pikipiki ingewaka angepona. Nilimuuliza daktari, akaniangalia, akasema, "Mzee, mngemleta mapema." Sikuuliza la pili.

Sehemu inayofuata wewe uliiona kwa macho yako, lakini hukujua unachokiona. Ilikuwa siku ya tatu baada ya kuzika. Watu wamekaa uwanjani, wazee wanamuuliza Mafuru imekuwaje. Anasema, "Haikuwaka. Nimepiga kiki mpaka mguu umevimba, huu hapa." Kweli ulikuwa umevimba. Mtu mmoja akasema huyu kijana kajaza injini mafuta, hajui kuwasha chombo. Mwingine akadakia kwamba alipoteza akili kwa woga.

Pale ndipo ningesema. Nilisimama, na naapa niliposimama nilidhani nakwenda kusema. Miguu ikanipeleka kwenye pikipiki. Mkono wa kushoto ukaingia chini ya siti kwa mazoea yake. Nikakanyaga mara moja, ikawaka.

Mafuru akaiangalia pikipiki, kisha akauangalia mguu wake. Wewe ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe, ukasema, "Kumbe inawaka." Halafu ukasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Baba mdogo ndiye kamuua mama." Wanawake wakakuziba mdomo wakakuingiza ndani. Nami nikazima injini, nikarudi kukaa kwenye kiti changu. Nilikaa, Nyasatu! Mtu mzima na ndevu zangu, nikakaa nikamwacha mdogo wangu aubebe msiba ule mbele ya ukoo mzima.

Hakumaliza msimu ule. Alihamia Bunda akaoa huko. Alipokuletea sanduku la shule ulipofaulu kwenda sekondari, ulitokea mlango wa nyuma ukaenda kukaa kwa jirani mpaka alipoondoka. Alisubiri mpaka chai ikapoa. Na mwezi huu aliposikia umepangiwa kazi Bunda, akamwambia shangazi yako kuna chumba, chenye dirisha la barabarani, mtoto asihangaike kupanga. Wewe ukajibu mezani, "Afadhali nikalale zizini na ng'ombe." Nilikuwepo. Niliendelea kutafuna ugali.

Miaka yote hii nimekuona ukimchukia mtu ambaye hakukukosea, na nilikuwa napata usingizi. Siyo kila siku, lakini nilikuwa napata. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Sasa kuhusu tundu lako. Wiki iliyopita nilikuwa nafunga nyaya za zile swichi tatu, najisikia vizuri, napiga mluzi. Nilipomaliza nikagundua kuna waya wa ziada unapita chini ya siti, upande wa kushoto, na mwisho wake kuna swichi ndogo imezungushiwa tepu nyeusi. Niliifunga mwenyewe. Mikono ilifanya bila kuniuliza. Nikajiambia ni kwa ajili ya wezi wa Bunda. Halafu nikajiona nimepanga, bila hata kupanga, kwamba sitakuambia ilipo mpaka siku ambayo pikipiki itakugomea porini na chanjo zako, unipigie simu, niwe fundi wa maana. Nikakaa chini sakafuni kwenye oili. Shangazi alinikuta hapo, nikamwambia natafuta nati.

Alhamisi nikatoboa tundu la nne mbele, niilete hadharani. Nilipolitoboa ujasiri ukaniishia, kwa sababu nilijua utauliza. Na jana ukauliza.

Leo asubuhi, ulipokwenda sokoni, nimeivuta kutoka chini ya siti nimeifunga hapo mbele. Nimeandika kwa rangi nyeupe: JUU INAWAKA, CHINI HAIWAKI. Mwizi akija ataisoma. Aisome. Mtu yeyote mwenye shida na ufunguo mkononi ataisoma pia.

Nimeacha kalamu nikampigia simu Mafuru. Nilizunguka banda la kazi mara nne kwanza. Nakuandikia tulivyoongea, nisije nikapunguza baadaye.

Akapokea haraka. "Kaka! Kuna msiba?"

Unaona? Simu yangu kwake ni ya misiba tu.

"Hakuna msiba. Mtoto anaanza safari kesho."

"Najua. Mama watoto kashafagia chumba. Asipokuja, basi, kimefagiwa."

"Mafuru, ile pikipiki ya Bugwema."

Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu anatwanga.

"Ilikuwa na swichi," nikasema.

"Chini ya siti. Upande wa kushoto." Hakuuliza, alikuwa ananiambia. "Nilikuona mkono, kaka, siku ile ulipoiwasha mbele ya watu. Mlipokwenda makaburini kesho yake nikainua siti nikaiona. Nikaiwasha nikaizima, nikaiwasha nikaizima."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme mimi? Mimi nilikuwa nakungoja wewe. Nimekungoja kule Bugwema mpaka nimechoka, ndiyo nikaja huku. Na huku nimekungoja."

Nikalia, mwanangu, simu iko sikioni. Hakuniambia ninyamaze. Alinisubiri nikamaliza, akasema, "Mtoto aje. Yeye hana kosa, alisema alichokiona. Lakini wewe usije kwanza, kaka. Nitakuita mwenyewe siku nikiweza." Akakata.

Nilitaka aniambie yameisha. Hakuniambia, na sina haki ya kumdai hilo. Tangu hapo nimekuwa nainuka na kukaa. Nimeifuta pikipiki yako mara mbili, haina hata vumbi.

Sijui msamaha unafanywaje, kwa hiyo hilo sitakufundisha. Ninachokijua ni kidogo. Mtu akikuomba chombo chako na hutaki kumpa, mwambie sitaki. Atanuna, mwache anune. Na huko kazini iko siku utamchanja ng'ombe vibaya, utamzidishia dawa, ng'ombe wa mtu atalala asiamke. Itakutokea, hamna fundi wala daktari asiyetokewa. Ukiona mwenye ng'ombe anaanza kumfokea mchungaji wake, sema palepale, kabla hajamaliza sentensi. Mimi nilikuwa na nafasi ya pumzi moja tu pale uwanjani. Nilifikiri nitasema kesho yake, kesho yake ikawa ngumu zaidi, na kila mwaka uzito uliongezeka. Ulipofaulu sikutaka kukuharibia furaha. Ulipougua sikutaka kukuongezea maumivu. Kila mara nilikuwa na sababu nzuri kabisa.

Unaweza kukasirika. Unaweza kuondoka kesho bila kuniaga, na shangazi atakufungia chakula, na sitakuzuia getini. Ukitaka kulala zizini ni uamuzi wako, lakini ujue sasa unamkimbia nani. Yule mtu alihangaika kumwokoa mama yako, akisukuma mlimani na mteremkoni, peke yake, pikipiki ambayo mimi nilikuwa nimeifunga mikono. Mama yako alikufa akimwita shemeji, hakumlaumu. Kuna mengi ya mama yako ya saa zile za mwisho ambayo mimi siyajui na Mafuru anayajua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo. Hajawahi kupata wa kumsimulia. Muulize.

Nilikuwa nimepanga barua hii niikunje, niiweke kwenye mfuko wa nailoni, niifiche chini ya siti yako. Ningekupigia simu kesho ukifika Makutano, nikuambie inua siti, kuna kitu. Nimeshaikata na nailoni yenyewe, iko hapa mezani. Sasa hivi ndiyo nimeona nilichokuwa nataka kufanya: kuficha tena, chini ya siti.

Hapana. Nakusikia getini, unacheka na mtu, unamwambia bai, unamwambia tena bai. Nakuja kukupa mkononi. Na ukianza kusoma sitaingia ndani wala sitatafuta koleo. Nitakaa kwenye kile kiti cha mbao mbele yako mpaka umalize, na ukiinua macho utanikuta.

Baba yako,
Magesa